Daktari Tarajali Alale Saa Ngapi?

Swali hili huibuka kila mwaka madaktari tarajali wapya wanapopangiwa vituo, kisha husahaulika wakishazoea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, huku likisisitiza kwamba uchovu wenyewe si ugonjwa. Ni hali inayotokana na mkazo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Dalili zake likazitaja tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo kuikinai kazi, na kujiona hana tena analolifanya likafaulu. Haukushughulikiwa na nani? Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Nimewakalisha mezani watu sita. Msiwatafute mitaani, maana ni hoja zinazozunguka kwenye korido za hospitali zetu, nami nimezivika makoti na kuzipa midomo. Kazi yangu ni kugawa nafasi ya kusema, ingawa siahidi kunyamaza.

TARAJALI: Shikamooni wakubwa. Nikisema tu kwamba tunachoka, mtanijibu kila mtu anachoka. Kwa hiyo naeleza siku moja. Niliingia wodi ya wazazi Jumanne saa moja asubuhi. Raundi, kliniki, mchana nikaingia chumba cha upasuaji kusaidia. Jioni wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki na zamu ya usiku. Usiku ule tulikuwa na kina mama wanne wa kupasuliwa kwa dharura na mmoja mwenye kifafa cha mimba. Damu niliifuata maabara mwenyewe, kwa sababu mhudumu alikuwa mmoja kwa jengo zima. Jumatano asubuhi sikwenda nyumbani. Nilisimama kwenye ripoti ya asubuhi nikaulizwa kwa nini majibu ya kitanda namba saba hayajarudi, kisha nikaifuata raundi. Nilitoka saa kumi jioni. Ni saa 33. Kwenye daladala nilisinzia nikapitiliza kituo changu mpaka gari likafika mwisho wa njia.

DAKTARI BINGWA: Marahaba, mwanangu. Pole. Lakini nawe nisikilize. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua humjui kwa kusoma faili lake. Unamjua kwa kukaa naye, ukaona mapigo yanapanda, ukaona anavyoanza kuhangaika kitandani kabla presha haijashuka. Ukipokea mgonjwa saa nane mchana halafu saa mbili usiku ukaenda zako, umejifunza nusu ya ugonjwa. Mimi napokea vijana wanaoanza masomo ya ubingwa ambao hawajawahi kumfuata mgonjwa mmoja toka mapokezi hadi anaruhusiwa. Huyo naye ni hatari. Uchovu wake haupo, ila na ujuzi wake haupo.

MUUGUZI: Daktari, naomba niingie hapo hapo kwenye ujuzi. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi kuliko tarajali yeyote aliyewahi kupita. Kuna usiku mmoja kijana mzuri kabisa, mwenye kichwa, aliandika dozi ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Sindano ile hutolewa kila baada ya saa nne. Yeye alidhani saa nne zimepita, kumbe ni mbili. Alikuwa hajalala tangu jana yake. Nilifanya kama tunavyofundishwa: kabla ya dozi unahesabu pumzi, unaangalia mkojo uliotoka, unagonga goti. Nikagonga goti, mguu haukuruka. Goti lisiporuka maana yake dawa imeshazidi mwilini, na ukiongeza nyingine kinachofuata ni pumzi kusimama. Nikaiweka sindano chini nikamwita. Alikuja, akalitazama faili, akaketi sakafuni. Je, kijana yule alikuwa hajui dozi? Aliijua kuliko mimi. Kilichompotea ni saa.

DAKTARI BINGWA: Na wewe ulimzuia, Sista. Ndiyo maana tunafanya kazi kwa timu.

MUUGUZI: Nilimzuia kwa kuwa mimi nilikuwa nimelala mchana. Zamu ya muuguzi ina mwanzo na mwisho kwenye ratiba. Ya kwake ina mwanzo tu.

Hapo nawaomba wasimame kidogo, maana tulichobishania hapa kimebishaniwa kwingine kwa miaka 40. Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia katika hospitali moja ya New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa na wagonjwa wengi na usimamizi hafifu. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, hakukubali yaishe. Mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, na si zaidi ya saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikasambazwa Marekani nzima. Nchi za Ulaya zilikuwa zimekwenda mbali zaidi, kwa agizo la saa 48 ambalo lilianza kuwabana madaktari walio mafunzoni kwa ukamilifu mwaka 2009.

DAKTARI BINGWA: Malizia hadithi, mwandishi. Mwaka 2011 Wamarekani wakasema daktari wa mwaka wa kwanza asizidi saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 wakaifuta kanuni hiyo, wakamrudisha kwenye 24. Kwa nini? Kwa sababu walipima. Utafiti wa mwaka 2016 ulilinganisha programu za mafunzo ya upasuaji zilizobanwa na zile zilizoachiwa uhuru wa kupanga zamu. Vifo na madhara kwa wagonjwa havikutofautiana. Mgonjwa aliyekuwa akipona kwa daktari wa saa 24 alipona vilevile kwa daktari wa saa 16. Sasa mnataka sisi, wenye madaktari wachache kuliko wao, tukate saa ambazo wao wamezirudisha?

TARAJALI: Profesa, utafiti huo nimeusoma. Pande zote mbili zilikuwa ndani ya saa 80 kwa wiki. Zilizolinganishwa ni namna mbili za kuzigawa saa hizohizo. Mimi wiki ile niliyoieleza sikujua nimefanya saa ngapi, na hakuna mtu hospitalini aliyejua. Huwezi kuchukua jibu la watu wanaohesabu ukalipeleka kwa watu wasiohesabu.

DAKTARI BINGWA: Hilo nakupa.

TARAJALI: Na upo mwingine wa mwaka 2004, wa Boston, kwenye wodi za wagonjwa mahututi. Madaktari wa mwaka wa kwanza waliofanya zamu ndefu za kawaida walitenda makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya pale zamu zilipofupishwa.

DAKTARI BINGWA: Naufahamu. Walizifupisha wakiwa na watu wa kuwapokea. Wewe ukitoka saa mbili usiku, nani anaingia?

Hilo ndilo swali lililomfanya Mganga Mfawidhi, aliyekuwa akiangalia simu muda wote, ainue kichwa.

MGANGA MFAWIDHI: Ahsante, Profesa. Nyote mnazungumza kana kwamba nimewaficha madaktari kabatini. Ikama yangu haijajaa. Naomba kibali cha ajira, napewa sehemu. Nikiajiri kwa mkataba kutoka mapato ya ndani, fedha hiyohiyo ndiyo ya dawa, gloves na mafuta ya gari la wagonjwa. Tarajali nampokea kama mvua ya kwanza. Sijivunii. Lakini nikimwambia aende alale, jengo la wazazi linabaki na daktari mmoja anayehudumia na mapokezi. Afe nani?

MUUGUZI: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki za kawaida, na ukijumlisha za ziada mtu asipite saa 12 kwa siku.

MGANGA MFAWIDHI: Sheria hiyohiyo imeacha mlango wa dharura.

MUUGUZI: Dharura iliyopangwa kwenye ratiba ya mwezi mzima, Mfawidhi, si dharura tena.

Kuna kitu Mfawidhi hakukisema, na sidhani ni kwa kusahau. Tunapolia kwamba madaktari hawapo, tukumbuke mwaka 2017. Kenya ilikuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari wa siku 100, ikaomba Tanzania iipelekee madaktari 500. Serikali ikatangaza, na vijana waliohitimu na kukaa bila kazi wakatuma maombi. Mahakama ya Kenya ilipoizuia safari hiyo, Rais Magufuli akaagiza waajiriwe hapahapa. Walikuwa 258. Yaani walikuwepo muda wote. Walikuwa nyumbani na vyeti vyao, wakati wenzao wodini wakifanya zamu za siku mbili. Ukosefu wa madaktari na ukosefu wa ajira za madaktari vinaishi mtaa mmoja. Nimemwomba mgeni wetu kutoka Nairobi aseme neno, kwa kuwa wao walifika barabarani kwa jambo hili.

DAKTARI WA NAIROBI: Asante sana. Kwetu hadithi ni ile ile, tofauti ni kelele. Mgomo wa 2016 ulianza tarehe 5 Desemba, ukaisha Machi 2017, na viongozi wa chama chetu wakalala jela katikati yake. Tukapata mkataba wa pamoja. Ndani yake intern analipwa zaidi ya shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi. Miaka saba baadaye serikali ikasema haina hizo, ina 70,000. Na kuna waliohitimu ambao hata hawakuwa wamepangiwa vituo, wanangoja tu. Tukarudi barabarani Machi 2024, siku 56. Sasa nisikize vizuri, Profesa, kwa heshima: daktari kijana anaweza kuvumilia usiku mbili bila usingizi. Anachoshindwa kuvumilia ni usiku mbili bila usingizi na kodi ya nyumba ya miezi mitatu haijalipwa, halafu anaambiwa aende semina ya kudhibiti msongo wa mawazo.

TARAJALI: Yenye soda na sambusa.

DAKTARI WA NAIROBI: Na cheti cha kuhudhuria!

Walicheka wote, hata Mfawidhi, ambaye nahisi semina hizo huziandaa yeye. Juu ya semina sina mengi. Ushauri wa kisaikolojia una kazi yake, na anayeuhitaji aupate bila kuonekana na idara nzima. Lakini kumfundisha mtu kupumua kwa utulivu saa ya 30 ya kazi ni kumtwisha yeye mzigo wa anayepanga ratiba.

DAKTARI BINGWA: Msidharau upande huo, lakini. Sisi wa zamani tulikufa nao kimyakimya. Aprili 2020 daktari wa dharura wa New York, Lorna Breen, alijiua baada ya wiki za kuhudumia wagonjwa wa korona. Familia yake ilisema aliogopa kwamba akijulikana ametafuta msaada, leseni yake itaguswa. Mwaka 2022 Marekani ikatunga sheria yenye jina lake. Nawauliza ninyi: katika idara yangu, mwenzangu akiniambia hali chakula, halali na anawachukia wagonjwa, mimi nimfanyie nini? Sina pa kumpeleka ambako jioni yake habari hazijafika kantini.

MUUGUZI: Leo umesema kama mzazi, daktari.

DAKTARI BINGWA: Na kiapo kimebadilika. Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Chicago Oktoba 2017 kikaongeza ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Wakati wetu hilo halikuwamo. Uliapa kumtunza mgonjwa, basi.

MUUGUZI: Na muuguzi je? Mnajadili daktari kana kwamba anafanya kazi peke yake. Mimi zamu yangu ina mwisho, nilisema, na ni kweli. Lakini ndani yake niko peke yangu na wagonjwa 40. Nikimaliza kugawa dawa za jioni, za usiku zimeshafika. Hakuna anayeandika makala kuuliza Sista alale saa ngapi.

Kapiga penyewe. Kichwa cha makala hii sitakibadilisha, ila lawama naipokea.

TARAJALI: Naomba nirudi kwenye kitu ambacho hata usingizi haukiponyi. Kuna siku nalala vizuri, naamka salama, nafika wodini, na mgonjwa wa jana bado hajapata dawa kwa kuwa haipo dirishani na ndugu zake wanaichangia. Namwandikia mtu karatasi ya kwenda kununua nyuzi za kushonea. Najua la kufanya, nimesomea miaka mitano la kufanya, na naangalia tu. Ukifanya hivyo mara ya kwanza unalia. Mara ya hamsini unaanza kumfokea ndugu wa mgonjwa kana kwamba umaskini wake ni uzembe. Nikajisikia nikimfokea mama mmoja, nikaitambua sauti ya daktari fulani ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namchukia nikiwa mwanafunzi. Hapo ndipo nilipojua kimenipata.

Meza ilinyamaza. Mama, mjumbe wa bodi ya hospitali kwa upande wa wananchi, aliyekuwa ameketi mwisho na mkoba wake mapajani, akaomba nafasi.

MAMA: Mimi si msomi wa mambo yenu. Ni mmoja wa hao wanaofokewa. Mwanangu huyu kasema ukweli, nimemsamehe. Lakini nina swali. Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza linatakiwa liwe na madereva wawili, na trafiki akilisimamisha anaulizia dereva wa pili. Kwa nini? Kwa sababu ndani mna watu. Sasa mimi nikipelekwa kupasuliwa usiku, namuuliza nani kama dereva huyu ameendesha tangu jana? Nani trafiki wenu?

Hakuna aliyejibu haraka. Mfawidhi akasema Wizara. Profesa akasema Baraza la Madaktari Tanganyika, maana ndilo linalosimamia mwaka wa utarajali. Tarajali akafungua mkoba akatoa kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo, chenye kurasa za kujaza wazazi aliowazalisha, upasuaji alioufanya, na sahihi ya bingwa kila mstari. Akaupitisha mkono kurasa zote. Saa za kazi hakuona mahali pa kuziandika.

MGANGA MFAWIDHI: Mkitaka nihesabu, nitahesabu. Halafu? Nitakuwa na karatasi inayonishtaki.

MUUGUZI: Inakushtaki, na inakuombea kibali. Leo ukienda kuomba madaktari unabeba nini? Barua. Ukibeba ratiba inayoonyesha tarajali wako wanafanya saa 90, ni nani atakayekwambia ikama yako inatosha?

DAKTARI BINGWA: Na tusikate saa ovyo kabla ya kurekebisha makabidhiano. Kila zamu mnayoiongeza ni mgonjwa anayepita mkono mwingine. Makabidhiano yetu mnayajua: "Kitanda cha tatu yuko poa, cha tano mwangalie." Mwangalie nini? Hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada zilifundisha madaktari mafunzoni namna moja ya kukabidhiana, kwa mpangilio ule ule kila mara: mgonjwa yuko hatarini kiasi gani, ana nini, nini kifanyike, nini kinaweza kuharibika usiku, na anayepokea arudie alichosikia. Mwaka 2014 wakatoa matokeo: makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23. Hawakununua mashine.

TARAJALI: Profesa, hilo tukilianza Jumatatu, utakubali niende nyumbani nikishakabidhi?

DAKTARI BINGWA: Ukishakabidhi sawasawa, na kama mgonjwa wako hayuko mezani amefunguliwa tumbo, nenda. Lakini kesho yake uje uniambie alifikaje asubuhi.

Hapo ndipo walipokutana, na si mbali sana na walipoanzia. Profesa bado anaamini usiku una shule yake, nami siwezi kusema amekosea. Asiyewahi kukesha na mgonjwa hajamaliza mafunzo. Ninachokikataa ni kukesha kusiko na mwisho, kunakoitwa mafunzo mchana na upungufu wa watumishi usiku, kulingana na anayeuliza ni nani. Kama ni mafunzo, mtarajali asimamiwe usiku huohuo na mkubwa wake aliye jengoni, si kwa simu isiyopokelewa. Kama ni upungufu, uandikwe kwa tarakimu na upelekwe kwa mwenye kibali.

Mambo ya fedha siyaachi pia. Posho ya tarajali ilipwe tarehe yake. Tukumbuke kwamba mgomo wa madaktari wa Tanzania wa mwaka 2012, uliotikisa Muhimbili na nchi nzima, chimbuko lake lilikuwa malalamiko ya watarajali. Kuchelewesha posho ni akiba ghali mno.

Baraza la Madaktari lina uwezo wa kuongeza safu mbili katika kitabu cha tarajali, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kukataa kuthibitisha mafunzo ya kituo ambacho safu hizo ziko tupu. Ninyi waganga wafawidhi hamna haja ya kungoja waraka. Wekeni daftari kwenye dawati la wodi, kila daktari na muuguzi ajaze anapoingia na anapotoka, na mwisho wa mwezi lisomwe kwenye kikao cha bodi mbele ya wawakilishi wa wananchi. Mama wa kwenye mjadala huu ana haki ya kulisikia.